Mgongo Wangu Wanaujua, Uso Bado

Desemba 2, 1844

Haya, Anselme, weka tarehe juu kama unavyowawekea wakubwa. Andika kwamba mimi ni Perrine Lachaume, mjane, umri sitini na moja, mtunza mavazi katika studio ya mchoraji Bwana Fauvel hapa Paris. Sijui kusoma wala kuandika na sioni haya, maana wanaojua nimewaona wanavyoishi. Huyu anayeandika ni Anselme, ana kibanda karibu na soko, kutwa anawaandikia vijakazi barua za mapenzi. Mimi nampa supu na kumshonea viwiko vya koti, naye ananiandikia. Ila safari hii aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Mwaka juzi nilimtuma amwandikie dada yangu kwamba sitaki kumwona, yeye akaandika kwamba namkumbuka sana. Dada akaja, akakaa wiki sita.

Nataka iandikwe kwa sababu kuna jambo. Nitachorwa uso.

Desemba 9

Juma lililopita nilianza nikachoka, leo naeleza vizuri. Nilipokuwa msichana nilianza kukaa kuchorwa. Kwanza zilikuja picha za Misri, zile za vita, tukawa watumwa na wagonjwa wa tauni. Halafu vijana wakaacha nywele zikafika mabegani, wakawa hawataki kitu kilichotulia, wanataka dhoruba, simba, meli inayozama, farasi mwenye macho meupe. Halafu Wagiriki wakachinjwa na Waturuki, na Paris nzima ikataka mateka wa Kigiriki. Mwaka ule peke yake nilikufa mara kumi na moja. Nilikuwa maiti mzuri kuliko wote mtaani kwetu, sipepesi, sipigi chafya. Bwana Fauvel alinichora mgongo mara nane, na mara zote nane nimetundikwa ukutani Louvre kwenye Maonyesho Makuu, watu wamevua kofia. Mgongo wangu, bega langu, nyayo zangu. Kichwa walikuwa wanabandika cha mwingine. Pua yangu hii, unaiona, Anselme, usijifanye huioni.

Kwa hiyo watu wa Louvre mgongo wangu wanaujua. Uso bado. Na mimi sitaki kufa hivyo.

Desemba 10

Ukungu. Hakuna mwanga, hakuna aliyechora.

Desemba 19

Atakayenichora ni Sidonie. Baba yake alikuwa anapaka dhahabu fremu, akafa, na binti akabaki kwa Bwana Fauvel. Anamsagia rangi, anamnyooshea turubai, anamchorea mazulia na vyungu vya nyuma kwenye picha zake, maana bwana ana haraka. Badala yake amepewa kile chumba kidogo cha juu chenye dirisha la paa. Ana miaka thelathini na hajawahi kupeleka picha kwenye Maonyesho. Safari hii anapeleka. Itaitwa *Bibi Kizee wa Algiers*, na huyo bibi kizee ni mimi.

Picha zote lazima zifike Louvre, mwisho tarehe ishirini Februari. Hapo kamati ya wazee inakaa na kuzitupa, na wazee wale wakiamka vibaya wanatupa elfu mbili. Ikipita, mimi nipo. Ikitupwa, nimezeeka bure.

Sidonie ni mtu wa kununa. Simpendi sana, nasema kweli. Ukimsalimia asubuhi anakuitikia saa tano.

Desemba 28

Baridi kali, mto umeshika barafu pembeni. Leo nimemvalisha Bwana Fauvel sultana wake. Anachora kubwa, urefu wa mlango wa kanisa. Anayekaa kuchorwa ni binti wa mfua nguo, mikono imepasuka kwa sabuni, nimempaka mafuta mpaka viwiko. Nimemfunga kilemba, nimemlaza kwenye mto, nikamfunika ile shali yangu.

Shali yangu ndiyo roho ya chumba cha mavazi. Ni mahameli nyekundu, nyuzi za dhahabu, vishada pembe zote nne, na katikati upande mmoja ina tundu. Ilitoka kwa jenerali mmoja aliyerudi kutoka Misri. Mimi ndiye niliyegundua tundu ni la nini. Sultana anapitisha mkono hapo, ili mgeni aone vidole tu na pete, mwili usionekane. Ni heshima ya kwao. Tundu lilikuwa limechakaa, nikalizungushia uzi wa hariri. Wachoraji wa mtaa mzima wanakuja kuniazima, na kila mmoja namwonyesha mkono unavyopita. Bwana Fauvel ameshachora masultana watano hivyo. Yeye mwenyewe hajafika popote, bahari aliiona pwani yetu ya Dieppe mara moja akaumwa.

Januari 6

Sikukuu ya Wafalme. Tulikata keki iliyofichwa harage ndani, harage likaangukia kipande changu, nikawa malkia wa siku. Anselme alikunywa kunitakia afya mara sita, ndiyo maana mwandiko wa leo umelala.

Januari 14

Nimekaa siku nne kwa Sidonie. Nimefungwa kilemba, shali mabegani, mkono umetoka tunduni. Kukaa nakujua, lakini kutazamwa usoni sikujui. Mgongo hauoni anayeutazama. Uso unaona. Siku ya kwanza nilikuwa naangalia dirishani kila mara, akasema nimtazame yeye. Nikamtazama. Kumbe ana macho ya baba yake, mtu mpole sana yule, alikuwa ananiletea vipande vya dhahabu vilivyobaki nivigundishe kwenye viatu vya maharamia.

Leo aliniitikia saa mbili na nusu.

Januari 23

Leo kuna mengi. Chonga kalamu.

Nilihitaji viatu vyekundu vya ncha, vyangu vimeliwa na panya. Kwenye boulevard, ile barabara pana, kuna mtu anauza viatu, tende na shanga za kaharabu, tunamwita Mturuki. Nilimwambia alete juu kwa Sidonie nivijaribu. Akaja, anaitwa Kaddour, mtu mrefu, ndevu zina mvi, amevaa koti la Kifaransa juu na suruali ya kwao chini. Kwanza akanirekebisha, si Mturuki, ni mtu wa Algiers. Nikamwambia mbali ni mbali. Akasema kwake yeye mtu wa Paris na mtu wa Urusi pia ni mamoja basi.

Mimi nilikuwa nimekaa nimevalishwa kila kitu. Yeye akasimama anaiangalia picha, ananiangalia mimi, anaiangalia picha. Hakucheka. Alivua kofia, akauliza kwa adabu kabisa:

"Bibi, samahani. Na punda mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwuliza punda gani. Akaja karibu, akashika shali kwa vidole viwili, akaonyesha. Hivi vishada vinaning'inia ubavuni. Hapa ni mgongoni. Hapa ni nyuma. Na hili tundu, bibi, hili tundu ni la mkia.

Sidonie aliweka brashi chini. Mimi bado nilikuwa nimeutoa mkono.

Akasema ni tandiko zuri sana, la punda wa kadhi au wa bwana harusi, baba yake alikuwa nalo la namna hiyo ila la buluu. Alikuwa ananifariji. Hapo ndipo Sidonie akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na Kaddour naye akashindwa kujizuia, na mimi nikakasirika sana, nikavua kilemba nikashuka ngazi.

Masultana watano, Anselme. Na wa sita yuko pale chini, mrefu kama mlango wa kanisa, mkono umetoka mkiani.

Januari 24

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa jino.

Januari 25

Jino.

Januari 26

Sidonie amekuja mwenyewe, amepanda ghorofa zangu tano na baridi hii. Amenieleza kwamba amekwangua picha. Yote. Ameiondoa kwa kisu mpaka turubai. Nilitaka kumpiga. Siku kumi za uso wangu.

Akasema hawezi kupeleka uongo anaoujua. Kama angekuwa hajui, sawa. Sasa anajua. Anataka kunichora upya, lakini nilivyo. Kofia yangu nyeupe ya kila siku, miwani puani, nimekaa kwenye kigoda changu chumba cha mavazi, lile tandiko magotini, nashona. Nyuma yangu vilemba kwenye misumari, panga za mbao, ngao ya karatasi, kichwa cha ngamia cha plasta.

Nikamwambia nani atatoka nyumbani kwake kwenda Louvre kumwona mshona viraka. Mimi nilitaka kuwa nyanya wa sultani. Kizee cha Paris wanacho majumbani, wamekichoka.

Akanijibu hivi, na Anselme, andika pole pole: "Mama Perrine, Mashariki yote iliyotundikwa Louvre imetoka kwenye sindano yako. Mimi sijawahi kuiona Algiers. Wewe nimekuona."

Nikampa supu.

Januari 29

Tumeanza. Siku ishirini na mbili zimebaki. Mwanga unapatikana saa nne mpaka saa nane, ukungu ukipenda.

Februari 3

Mvua na theluji pamoja. Rangi haikauki. Kaddour anakuja kila adhuhuri na makaa kidogo kutoka kwenye jiko lake la boulevard, anasema ni kwa ajili ya picha, lakini anakaa anazungumza. Ameniambia Algiers aliacha nyumba yenye mtende uani, kisha jeshi letu likavunja mtaa ule kupanua uwanja wa gwaride. Amesema bila kupandisha sauti. Nilikuwa namwona mchuuzi. Miaka minne nanunua kwake na sikuwahi kumwuliza alitoka kwenye nyumba gani.

Amemfundisha Sidonie kilemba kinavyofungwa kweli. Nilivyokuwa navifunga mimi, anasema, ni kama mtu aliyeumia kichwa.

Februari 8

Leo nimefukuzwa kazi. Subiri, naanza mwanzo.

Nilikuwa nimemtumikia Bwana Fauvel miaka thelathini na kitu. Simwachi akaaibike mbele za watu nikiwa najua. Nikashuka kwake asubuhi, nikamkuta juu ya ngazi anapaka kilemba cha sultana. Nikamweleza polepole habari ya tandiko na habari ya tundu. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyewaambia wote. Paris sasa imejaa maofisa waliorudi Afrika, na ofisa anajua tandiko la punda.

Akadhani namtania. Kisha akadhani Sidonie amenituma. Akapanda juu, miaka yote hajawahi kupanda, akaiona picha kwenye kiegemeo cha kuchorea. Mimi na kofia yangu, sindano hewani, na lile tundu magotini pangu limechorwa vizuri mno, uzi wangu wa hariri unaonekana. Pembeni Sidonie amechora picha ya zamani ya bwana ikiegemea ukuta, mkono wa sultana umetoka.

Alisogea mpaka pua ikakaribia lile tundu. Nilijua anaelewa. Mchoraji ni mchoraji, jicho lilikuwa linasoma hata mdomo ukikataa. Halafu akasema:

"Picha hii ikitoka humu ndani, nyinyi wawili mtoke nayo."

Sidonie akawa mweupe. Hana pa kwenda, na turubai bado mbichi, mikono yangu bado haijamalizika. Alinitazama mimi. Angeweza kunilaumu, maana mimi ndiye niliyeshuka kusema. Hakunilaumu. Alianza kufunga brashi zake kwenye kitambaa, moja moja.

Mimi nikamwambia bwana kwamba nimempa mgongo wangu mara nane, na sikumnyima, lakini huu uso si wake. Hilo nalo liandike. Tukashuka, Sidonie mbele na kiegemeo, mimi nyuma na turubai, nimeishika kama mtu anayebeba sinia la mayai.

Februari 9

Picha iko chumbani kwangu. Dirisha langu linatazama kusini, Sidonie analalamika mwanga unahama. Nimempa kitanda, mimi nalala kwenye kiti.

Februari 12

Tandiko lilibaki kule. Sidonie anachora kwa kukumbuka, na Kaddour anasimama nyuma anasema kishada hicho kifupi, ongeza.

Februari 14

Anachora mikono yangu. Ana siku sita. Hanuni tena, au mimi nimezoea. Wakati anachora anaimba chini chini, nyimbo za baba yake za kupaka dhahabu. Leo amenionyesha uso. Pua ipo. Yote ipo. Niliiangalia nikafikiri, mbona huyu bibi anaonekana ana akili.

Februari 17

Habari za mtaani, Bwana Fauvel amejifungia, hapokei mtu. Wanafunzi wamerudishwa nyumbani. Nimesikitika. Usiandike hilo. Umeandika? Basi acha.

Februari 20

Siku ya mwisho, na mvua ya kumwaga. Wachoraji wote wa Paris wako barabarani na turubai migongoni, ukiwaona kutoka juu ni kama milango inatembea. Rangi ya kofia yangu ilikuwa mbichi bado, haiwezi kufunikwa kitambaa. Kaddour alibeba picha, uso umetazama nje. Anselme alibeba mwavuli juu ya picha, siyo juu yake, na sasa anapiga chafya, anastahili sifa. Sidonie alitangulia akisukuma watu. Mimi nilikuwa nyuma nikipiga kelele kwamba kuna mgonjwa, pisheni.

Darajani gari la farasi lilipita karibu, dimbwi likaruka. Kaddour akageuka akalipokea lote kwa mgongo, koti zima likalowa. Picha haikupata tone. Nikamwambia huo mgongo wake ungefaa sana Maonyesho. Akasema amefurahi kusikia kutoka kwa mjuzi.

Tulifika saa kumi kasorobo. Karani akaandika jina la Sidonie, akauliza picha inaitwaje. Sidonie akasema *Mashariki Inaposhonwa*.

Februari 27

Hakuna habari.

Machi 2

Hakuna. Wanasema wazee wametupa elfu mbili na mia tatu. Wanasema wametupa hata watu wenye nishani. Sidonie amefua mapazia yangu mara mbili.

Machi 5

Hakuna. Mapazia yamekauka.

Machi 8

Barua imefika. Sidonie hakutaka kuifungua, mimi siwezi kusoma, tukakimbia na aproni zetu mpaka kibandani kwa Anselme. Kulikuwa na kijakazi anamwandikia askari wake, nikamwambia, mwanangu, askari atangoja, ana mazoea. Anselme akafungua. Akasoma kimya. Nikamwambia nitakuchoma na sindano.

Imekubaliwa.

Nikamwambia soma tena. Akasoma. Nikamwambia soma mara ya tatu, usininyooshee. Kijakazi alikuwa analia na hajui kwa nini. Sidonie alikaa juu ya kigoda cha wateja, mikono imetulia magotini, kama mtu aliyeshusha mzigo na bado anausikia mabegani.

Machi 13

Kukubaliwa si mwisho. Kuna kutundikwa, na ulipotundikwa ndipo utakapokaa mpaka Mei. Wakikuweka juu darini, utatazamwa na popo. Wakikuweka usawa wa macho, umeonekana. Hatujui. Nimepiga pasi kofia.

Machi 15, 1845

Maonyesho yamefunguliwa leo, Anselme, na wewe ulikuwepo, lakini andika kana kwamba hukuwepo.

Watu walikuwa wengi mpaka viwiko havina pa kwenda. Tulizunguka kumbi tatu tukiangalia juu, shingo zikauma. Simba, dhoruba, mfalme, mfalme mwingine, ng'ombe. Kaddour akaniita kwa mkono. Usawa wa macho. Kati ya mfalme na ng'ombe, kwenye mstari kabisa, mimi. Miwani, pua, sindano hewani. Na mbele yangu watu wamejaa nusu duara, na kamba haijawekwa, wanasogea kuona tundu.

Maofisa wawili wenye masharubu walikuwa wanacheka, mmoja anamweleza mkewe, anaonyesha mkia unapopita. Mke akasema tazama bibi mwenyewe alivyo makini. Halafu akageuka, akaniona. Akaiangalia picha, akaniangalia. Akaniamkia kwa kuinama, mimi, mshona viraka. Wengine nao wakageuka. Wakanipisha kati. Mtu akaniuliza mchoraji ni nani, nikamshika Sidonie mkono nikauinua juu kama wa bondia, naye hakunizuia.

Lakini moyo haukutulia. Nilisikia sultana mkubwa yuko ukumbi unaofuata na maofisa wanaelekea huko. Nikawatangulia kwa viwiko. Nikafika, nikainua macho.

Sultana alikuwa amelala kwenye mto kama nilivyomlaza. Mkono wake uko kifuani, wazi, mkono uleule uliopasuka wa binti wa mfua nguo, ameuchora ulivyo. Na nyuma, uani, kwenye jua, amesimama punda. Punda mzuri sana, masikio mawili, amevaa tandiko langu jekundu, vishada ubavuni, na mkia umepita pale unapopaswa. Ile wiki aliyojifungia alikuwa anamchora punda.

Bwana Fauvel alikuwa pembeni, kofia mkononi. Amekonda. Akaniambia watu wanamsifu punda kuliko sultana. Akaniambia ameiona ya Sidonie asubuhi, na angetoa masultana wake wote kwa ile mikono inayoshona. Akasema kazi yangu studio ipo, chumba cha juu cha Sidonie kipo, na dirisha litapanuliwa. Alisema akiangalia viatu vyake. Nikamwambia tutafikiri, mimi na Sidonie tuna shughuli, na kama ana nafasi aje anione kwa mbele. Akaja. Alisimama na umati, akaniangalia kule ukutani muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia miaka thelathini, kisha akamwambia jirani yake, mtu asiyemjua, kwamba huyu bibi anamfahamu.

Nilikaa hapohapo. Sidonie akaondoka na Kaddour kwenda kula, wewe ukaondoka na mafua yako. Kumbi zikaanza kuwa tupu. Mlinzi akapita akigonga funguo, akaniambia mama, tunafunga, toka sasa.

Nikamwambia funga tu, baba, mimi nimo humu mpaka Mei.